Maneno Matano Nyuma ya Dumu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kununua dawa ya rejeta huku nimejitwika ndoo ya maziwa, na ile ndoo ilikuwa inapumua. Naiandika ndoto hii leo leo, huku nangoja habari za pikapu kutoka gereji, maana ndoto zangu nyingi hunitoka nikishaosha uso, na hii sitaki initoke.

Ila haitaeleweka nisiposema kwanza mambo yaliyotokea nikiwa macho.

Mimi ni Tusajigwe, mama yake Lugano. Nakusanya maziwa ya nyumba kumi na moja za kijijini kwetu, juu kidogo ya Tukuyu, nayapeleka kituoni kwa pikapu. Pikapu ilikuwa ya baba mkwe wangu. Alifariki miezi mitatu iliyopita. Siku mbili kabla hajafa alimwambia mume wangu, Ambilikile, nami nikiwa nyuma ya mlango: "Gari ni la anayebeba maziwa." Hakutaja jina langu. Hakuwahi kulitaja, kama mimi nisivyowahi kulitaja lake.

Katika ukoo wao ndivyo ilivyo. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawasemezani, na yule mke hatamki jina la mkwewe wala neno linalofanana nalo. Miaka kumi na sita tuliishi ua mmoja. Kila alipokuja upande wangu alikohoa: mara mbili fupi, mara moja ndefu. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikageukia ukuta. Akiwa na ujumbe, alikipa chochote kilichokuwa karibu.

"Ndoo," angesema, "mwambie mwenye jiko tairi la nyuma limelegea."

Nami kutoka nyuma ya jiko: "Kuku, sema nimesikia."

Jina lake lilikuwa neno la rangi. Watu walimpa zamani sana kwa sababu ya koti lake, ambalo lilikuwa na rangi ya mgomba. Kwa hiyo miaka kumi na sita mimi nimesema "rangi ya mgomba". Kile kinachochumwa mashambani huku kwetu na kutiwa kwenye maji ya moto nilikiita "chai kavu". Hata watu wa umri wa Lugano, waliopita utoto na hawajawa wazee, niliwaita "wale wanaokua", kwa sababu neno lao limekaa karibu mno na jina la mzee. Hapa pia silitaji mpaka nifike mahali pake.

Kila asubuhi, kabla sijatoka, nilisikia bonet ya pikapu inafunguliwa. Rejeta ilikuwa inavuja kidogo sana tangu zamani, naye aliikagua na kuijaza mwenyewe. Mimi niliweka kikombe cha maziwa ya moto juu ya jiwe la pembeni ya jiko, nikaondoka. Niliporudi nilikikuta kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Sikuwahi kumwambia asante. Mambo ya tairi niliweza kumtuma kuku, lakini shukrani niliona haifai kupitia kwa kuku. Nilisema ipo siku nitapata njia. Kisha akafa.

Juzi nikaona rejeta imepungua. Nikaenda duka la vipuri.

"Nataka kulanti, ile dawa ya rejeta."

"Nyekundu au…" muuzaji akaitaja rangi nyingine.

"Hiyo nyingine."

"Nyingine ipi, mama? Hapa hata bluu ipo."

"Ile ya mgomba."

Mtu aliyekuwa nyuma yangu akacheka. "Mgomba una rangi ngapi! Ua lake si jekundu?"

"Mama, taja rangi twende," akasema muuzaji. "Watu wanangoja."

Mzee ameshakufa, nalijua hilo. Lakini niliona nikilitamka jina lake pale, mbele ya mikanda ya feni na makopo ya grisi, nitakuwa nimemvua koti lake hadharani. Nikasema neno pekee lililokuwa na ruhusa kinywani mwangu.

"Nyekundu."

Nilidhani ni maji tu yaliyotiwa rangi. Nikamimina. Nilipofika katikati ya mlima wa pili mshale wa joto ukalala mwisho kabisa na moshi ukatoka chini ya bonet. Fundi Gwakisa alipokuja kunivuta hadi gereji kwake na kufungua rejeta, ndani hamkuwa na maji tena. Mlikuwa na uji wa kahawia, mzito, wa mabonge, kama maziwa uliyoyakamulia ndimu.

"Umezichanganya, mama Lugano," akasema. "Hizi mbili hazikai chungu kimoja."

Ule uji akaukusanya wote kwenye ndoo yenye kifuniko akaufungia gereji, maana ni mtamu na mnyama akiulamba hufa. Akasema atasafisha mfumo wote kwa maji safi, lakini hatatia dawa nyingine mpaka aone dumu alilokuwa akitumia mzee.

"Si unajua tu ni ya rangi ile?" nikamwambia.

"Za rangi ile zipo aina nyingi. Nikikosea mara ya pili, injini tunaizika. Niletee dumu."

Dumu lilikuwa ndani ya banda la mzee, na banda lilikuwa halijafunguliwa tangu matanga yaishe. Mimi nilikuwa sijawahi kuingia humo. Mke wa mwana haingii. Ambilikile ndiye aliyekuwa na ufunguo, na kila siku alisema "kesho", halafu akatazama pembeni. Nyumba kumi na moja zimesema zitaningoja mpaka Ijumaa. Baada ya hapo zitamtafuta mbebaji mwingine.

Basi nikalala. Na hii ndiyo ndoto.

Ni mchana. Naenda dukani na ndoo yangu inayopumua. Migomba imesimama barabarani pande zote mbili, mashina matupu, haina chochote kichwani. Sikushangaa. Sikuwa na neno la kuivika.

Kaunta ya duka ilikuwa bonet ya pikapu yetu. Nyuma yake madumu yalikaa kwenye mabenchi kama kanisani, mekundu upande wa wanawake, yale mengine upande wa wanaume.

"Rangi?" akauliza muuzaji.

"Nyekundu," nikasema.

Madumu ya upande wa wanaume yakasimama yote kwa pamoja, yakageuka yakatazama ukuta. Hayakukasirika. Yalifanya kama watu wenye malezi mazuri. Migongoni mwao palikuwa na maandishi madogo, lakini sikuyasoma, maana si adabu kusoma mgongo wa mtu.

"Umeona?" akasema muuzaji. "Sasa nani atawarudisha?"

"Wamekosa nini?"

"Hawajakosa. Wanakupisha."

Nikachukua dumu jekundu nikaenda kwenye rejeta. Kifuniko cha rejeta kikasema, "Usinishike. Nina moto."

"Nitangoja hapa nje."

"Nusu saa. Wenzako huwa hawangoji, wananifungua nikiwa nimekasirika, halafu wanalaumu mvuke."

Nikakaa chini, nikangoja nusu saa kamili. Kifuniko kikaniuliza habari za nyumbani, nikajibu nzuri. Kikaniuliza habari za msiba, nikajibu tumeshazoea. Kikasema, "Hujazoea, ila nashukuru umengoja," kikajifungua chenyewe. Nikamimina. Ndoo kichwani mwangu ikashusha pumzi, na maziwa yakaganda papo hapo.

Nipo ndani ya rejeta.

Ni varanda ndefu nyembamba kama ya zahanati, yenye vyumba vingi vyembamba vyenye milango ya bati. Uji wa kahawia umejaa mpaka magotini. Kuku wangu mweusi anakuja kutoka mwisho wa varanda, anatembea ndani ya uji kwa shida, ananyanyua mguu mmoja, anautazama, anaurudisha.

"Hatimaye," akasema. "Mwenye jiko."

"Habari yako, kuku?"

"Ndiyo mara ya kwanza kuniuliza. Miaka kumi na sita ni 'kuku, sema nimesikia', 'kuku, sema tairi nimeona'. Hata siku moja hukuniambia karibu."

"Karibu."

"Nimechelewa. Nina miguu michafu."

Nikamwambia asinywe ule uji, ni mtamu lakini unaua. Akaniambia yeye si mtoto. Anajua kusoma lebo. Nikamuuliza kwa nini maji yameganda.

"Wamekutana," akasema kuku. "Yule mwekundu ni mke wa mwana, yule mwingine ni mkwe. Mmoja alikuwa kwake, mwingine umemsukuma mlangoni bila kukohoa. Wakatazamana. Wakaona aibu. Hiki unachokikanyaga ni aibu."

"Kumbe ndivyo inavyoganda?"

"Ndivyo inavyoganda. Na mabomba yetu ni membamba."

Nikashika ukuta tukaenda. Mwisho wa varanda palikuwa na mlango mdogo wa shaba na mlinzi amekaa kwenye kigoda mbele yake. Nilimtambua: alikuwa thamostati, yule anayezuia maji mpaka injini ipate joto.

"Joto lako?" akauliza.

"Sijui."

Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kama mama anavyompima mtoto. "Themanini. Mimi nafungua kwa themanini na mbili."

"Naomba nipite, mzee wangu. Nyumba kumi na moja zinaningoja."

"Hata zingekuwa mia. Kanuni ni themanini na mbili."

"Nifanye nini basi?"

"Fikiria jambo linalokuunguza."

Nikafikiria siku ya mazishi. Asubuhi ile, kwa mazoea, nilikuwa nimechemsha maziwa nikaweka kikombe juu ya jiwe. Watu walikuja, wakalia, wakaimba, wakazika, wakala, wakaondoka. Jioni nikakikuta kikombe palepale, kimesimama wima, maziwa yamefanya utando juu. Hakuna aliyekifunika kifudifudi.

Mlinzi akatoa mkono haraka. "Themanini na tano," akasema. "Pita. Na pole."

Mlango ukafunguka, na ndani si ndani ya injini, ni kituo cha maziwa. Injini imelazwa kwenye mkeka, imefunikwa blanketi, ina homa. Fundi Gwakisa amepiga magoti anaikanda kwa kitambaa. Amevaa joho la kwaya, lina grisi kwenye mikono.

"Kabla ya hapa alikuwa anakunywa nini?" akaniuliza.

"Ya rangi ile."

"Mama Lugano! Rangi ni shati. Watu wawili wakivaa shati moja ndiyo wamekuwa ndugu?"

"Hapana."

"Jina halisi la mtu liko wapi?"

"Kinywani mwa wanaomwita," nikasema.

"Kwa watu, ndiyo. Kwa kulanti liko nyuma ya dumu." Akaandika kwenye kipande cha karatasi kama daktari, akanipa. Palikuwa pameandikwa: maji safi, mara tatu, mpaka yatoke kama yalivyoingia.

Maji Safi akaingia bila kupiga hodi. Alikuwa mama mnene aliyevaa kanga mbili, na kupitia tumbo lake niliona ukuta wa upande wa pili na kalenda iliyotundikwa hapo. Alikaa kama mshenga anavyokaa, magoti pamoja, mkoba mapajani.

"Nimeitwa niende kwa mkweo," akasema. "Nikaseme nini?"

"Yupo humu?"

"Yuko kwenye mabomba ya ndani. Sema haraka, nina magari mengine."

Miaka kumi na sita nilingoja njia, na njia imekaa mbele yangu na mkoba. Nikashindwa kuanza na lile kubwa. Nikasema, "Mwambie shikamoo."

Akaenda. Nikasikia mabomba yanakoroma. Akarudi amekuwa kahawia mpaka shingoni.

"Amesema marahaba. Halafu amesema tairi la nyuma."

"Lilishatengenezwa tangu mwaka juzi!"

"Hilo sikutumwa kuuliza. La pili?"

"Mwambie maziwa ya nyumba kumi na moja yameharibikia njiani. Mwambie gari lake nimelipikia uji. Kosa ni langu, nilitakiwa kutaja rangi, nikataja nyingine."

Akaenda. Safari hii alikawia. Aliporudi alikuwa na rangi ya chai hafifu, na anajifuta machozi.

"Amecheka."

"Amecheka?"

"Amecheka mpaka kikohozi kimemshika. Amesema ulipewa maneno mawili uchague, ukachagua lenye adabu. Amesema gari litapona, lakini wewe hujamwambia ulichokuja kumwambia. La tatu?"

"Mwambie asante."

Maji Safi akafunga mkoba wake. "Hilo sibebi."

"Kwa nini, mama?"

"Soma karatasi ya fundi. Mara ya tatu natakiwa kutoka kama nilivyoingia. Nikibeba neno lako nitatoka na rangi, na tutaanza upya. Hilo utasema mwenyewe."

"Hatusemezani."

"Nani amekuambia mtazamane? Ukuta si upo?"

"Basi nitasema 'asante, baba'."

"Humo ndani kuna mabomba mengi na wazee wengi, mwanangu. Ukisema 'baba' watakohoa wote. Sema kwa jina."

Akanyanyuka, akapita ndani ya injini, akatoka upande wa pili, na sikumwona tena, kwa sababu alikuwa safi kabisa.

Hapo hapo nikasikia kikohozi. Mara mbili fupi. Mara moja ndefu.

Nipo nyuma ya jiko langu. Ukuta uko mbele ya uso wangu, ule wenye ufa uliofanana na kidole. Sikuenda, miguu ilinipeleka yenyewe, kama ilivyonipeleka miaka yote. Upande wa pili wa ukuta mtu anavuta pumzi polepole, kama mtu aliyepanda mlima na hana haraka. Nasikia harufu ya koti lake, moshi na dizeli. Miguuni pangu kuna dumu la zamani, limechubuka, limekaa kimya. Kuku amesimama kati yetu, pembeni ya ukuta, ametega sikio, yuko tayari kutumwa.

"Hapana, kuku," nikamwambia. "Hili si lako."

Kinywa kilikuwa kizito. Neno lile nilikuwa nimelipitia pembeni muda mrefu hata sikujua kama bado najua kulitamka. Nikalamba midomo.

"Kijani," nikasema.

Ukuta haukuanguka. Upande wa pili pumzi ilisimama kidogo, ikaendelea.

"Asante, baba Kijani. Asante kwa maji ya rejeta, kila asubuhi. Asante kwa siku ile ya mvua ya mawe, ulipofunika bonet kwa koti lako ukarudi nyumbani umelowa, nikakuona kwa ufa huu, unisamehe. Asante kwa kikombe, ulikuwa unakiosha mwenyewe na hukupaswa. Asante kwa gari. Ulisema ni la anayebeba maziwa. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia. Ndaga, baba. Asante."

Sikuwa na kingine. Nikageuza macho tu, shingo ikiwa palepale, nikaona migomba ya pembeni ya ua ina majani. Yalikuwa makubwa, mapya, kijani kibichi, yanapepea kama hayakuwahi kukosekana. Barabarani wakapita vijana wanaimba. Niliyasema maneno hayo yote kwa sauti ndogo, moja moja, majani, vijana, kijani, kama mtu anayehesabu vyombo vyake vilivyorudi kutoka shughuli ya jirani.

Ukuta ukasema, "Nimepokea. Ameshapata."

"Amesemaje?"

"Mimi ni wa kupeleka tu. Jibu analo dumu."

Nikatazama chini. Dumu likasafisha koo. "Mzee anasema nigeuzwe. Nyuma yangu pana maneno matano. Mawili ni ya gari. Matatu ni yako."

"Yanasemaje?"

"Mimi nina macho ya mbele tu, mama. Nigeuze."

Nikainama. Vidole vikagusa mpini. Upande wa pili wa ukuta kikohozi kikaanza kwenda mbali, mara mbili fupi, mara moja ndefu, na nikakaa hivyo hivyo nimeinama mpaka kiishe, maana si adabu kumgeuzia mtu mgongo anapoondoka. Nilipolishika dumu vizuri, kuku akapiga kelele ya kutaga.

Nikaamka.

Kuku alikuwa anapiga kelele kweli, nje, upande wa jiko. Kumekucha. Ambilikile alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anafunga viatu.

"Baba Lugano," nikamwambia, "nipe ufunguo wa banda."

Akaacha viatu. "Nitaingia mimi. Kesho nitai…"

"Leo. Na nitaingia mwenyewe."

"Wewe? Humo? Watu watasemaje?"

"Nitakohoa kwanza."

Nilidhani atabisha. Badala yake macho yakamjaa maji, akatoa ufunguo chini ya mto. Kumbe alikuwa analala nao. Akanifuata mpaka nusu ya ua, akasimama hapo.

Mlangoni pa banda nikakohoa. Mara mbili fupi, mara moja ndefu. Nikangoja kidogo, kumpa nafasi. Nikafungua.

Ndani palikuwa padogo na safi kuliko nilivyofikiri. Koti lilikuwa kwenye msumari. Kwenye rafu, peke yake, palikuwa na dumu limechubuka pembeni, uso wake wa mbele ukitazama mlango na mgongo umeelekezwa ukutani. Lilikuwa na dawa karibu nusu. Nililitambua. Nikalishika mpini nikaligeuza.

Karatasi ya nyuma ilikuwa na maandishi ya kiwandani, yale anayoyataka fundi. Juu yake, kwa kalamu nene ya kuandikia magunia, kwa herufi za mtu aliyeacha shule mapema na kuandika kwa nguvu ili zisifutike, palikuwa pameandikwa:

HII TU. ASANTE KWA MAZIWA.

Nikahesabu kwa kidole. Hii, tu. Asante, kwa, maziwa. Nikarudia tena kuanzia mwanzo. Yalikuwa matano. Vumbi lilikuwa limeingia ndani ya herufi. Hayakuandikwa leo wala jana. Alikuwa ameniandikia kwenye kitu alichojua nitakihitaji, akakigeuzia ukuta, kwa sababu sisi hatusemezani. Nami nilikuwa naogopa kwamba nimechelewa kumshukuru, kumbe yeye alishanitangulia.

"Umelipata?" Ambilikile akauliza kutoka uani.

"Nimelipata," nikasema. "Mpelekee fundi. Mwambie ni hii tu."

Akalipokea, akalisoma, akalisoma tena. Akalikumbatia kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto, akashuka nalo barabarani.

Mimi nikabaki mlangoni. Nikasema kwa sauti, nikiwa macho kabisa, mchana kweupe: "Asante, baba Kijani."

Kuku mweusi akaja kutoka nyuma ya jiko, akasimama mbele yangu, akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa kazi yake. Ule uji wa rejeta uko gereji kwa Gwakisa, ng'ambo ya mlima, ndani ya ndoo yenye kifuniko, na kuku wangu hajatoka nje ya ua huu tangu aanguliwe. Akanyanyua mguu mmoja, akautazama, akaurudisha. Miguu yote miwili ilikuwa na utando wa kahawia uliokauka, mpaka magotini.

"Karibu," nikamwambia, nikaenda kuchota maji ya kumwosha.